Kiti cha Kushoto

Barabara ya Mandela inapopita Mabibo External, foleni ya malori ya mafuta yanayotoka Kurasini kwenda Ubungo ni darasa la bure kwa anayejua kutazama breki. Dereva mmoja hukanyaga kwa pupa. Gari linasimama, kisha linasukumwa tena mbele, maana mafuta yalikuwa bado yako njiani. Mwingine huondoa mguu mapema, lori likasimama lenyewe taratibu, wala hakuna kinachotikisika. Wote wawili wana leseni ya daraja E. Kinachowatenga ni miaka waliyokaa kiti cha kushoto, kiti cha utingo, ambako kazi hii ilikuwa ikianzia. Vyumba vya tenki hupunguza mchezo wa mafuta, haviumalizi. Kilichojaa nusu ni kikorofi kuliko kilichojaa pomoni, na hilo mwili hulijua kabla ya akili. Utingo aliyegonga tairi alfajiri na kuweka gogo nyuma ya gurudumu alimwona bwana wake akichagua gia chini kabisa ya mlima Kitonga, kabla mlima haujamchagulia. Ndivyo ujuzi ulivyopokezanwa tangu malori yalipobeba mafuta ya Zambia baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, mpaka bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968.

Itasemwa kwamba utingo alinyonywa, akafunzwa kwa matusi, na pengine akarithi ubabe pamoja na ufundi. Ni kweli, na njia nyingine ya kujifunza ipo: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo hapo hapo Mabibo. Darasani ndipo mtu anapoelezwa vizuri kwa nini tenki tupu, lililojaa mvuke, si salama. Wala ustadi wa usukani hauzuii kila janga: Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa kwa lori la mafuta lililopinduka na kulipuka, wengi wakiwa wamelikimbilia kuchota mafuta. Lakini tulipoona ubaya wa matusi tungeyaondoa matusi, tukabakiza mwalimu. Badala yake tajiri amefuta mshahara wa mtu wa pili, akampa kijana mwenye cheti kibichi lita 30,000 na simu inayoita kila saa kuuliza amefika wapi. Kiti cha kushoto kimebaki na katoni ya maji na koti la dereva.