Mshono wa Phantom

Wanaoitazama modeli ya ndege ikiwa kabatini husifu rangi. Anayezijenga huomba ruhusa, akaishika kwa ncha za vidole na kuigeuza tumbo juu. Anachokitafuta huko ni mshono: vipande viwili vilikutana wapi, na vilikutanaje. Nami naanzia hapohapo. Seti ya modeli ni kazi yenye fani, na fani yake imo katika uamuzi mmoja unaofanywa kiwandani kabla mnunuzi hajafungua boksi: mwili huu ukatwe wapi? Idadi ya vipande, ukali wa mistari iliyochorwa juu ya plastiki na wingi wa stika ni mapambo yanayoning'inia kwenye uamuzi huo.

Msomaji wa tarbia hahitaji kuelezwa sana. Mshororo wa mizani 16 hukatwa katikati, ukwapi nane na utao nane, na hata anayejifunza kutunga anaijua kanuni hiyo. Stadi hutambulikana kwa jinsi pumzi inavyokatika pale ambapo maana nayo imefika kituo. Mwanagenzi hulipasua neno ili hesabu itimie. Mkataji wa seti ana mtihani uleule. Ndege halisi ina mistari yake, pale bati linapokutana na bati. Kiungio cha plastiki kikiangukia kwenye mstari huo, jicho linakipita bila kushtuka, kwani lilitarajia kukuta mstari. Kikipita katikati ya bati ambalo kwenye ndege halisi ni zima, hapo sasa utatafuta fila na msasa, na utavitafuta tena kesho.

Mfano wangu ni McDonnell F-4 Phantom II ya Marekani katika kipimo cha 1/48, seti ya mtindo uliozoeleka: kiwiliwili kimepasuliwa nusu mbili, kushoto na kulia, na bawa la chini limeshikamana na tumbo. Nimeichagua kwa sababu hata ndege yenyewe ina mahali ilipotiwa kiraka. Ilitoka St. Louis, ikaruka mara ya kwanza tarehe 27 Mei 1958, na baadaye zikaundwa zaidi ya 5,000. Itazame kwa mbele. Bawa linatoka kiwiliwilini likiwa karibu limenyooka, kisha ghafla sehemu ya nje inainuka kwa nyuzi 12. Huko nyuma, mkia wa mlalo umeinama kwa nyuzi 23, kama umekatishwa tamaa. Asiyejua atadhani ni mbwembwe za msanifu. Ukweli ni kwamba majaribio ya handaki la upepo yalionyesha ndege haitatulia kimbavu mpaka bawa liinuliwe nyuzi 5. Lakini sehemu ya kati ya bawa ilikuwa ya titani, na wahandisi hawakutaka kuisanifu upya. Wakaiacha kama ilivyo, wakainua sehemu za nje peke yake kwa nyuzi 12, ili ukipiga wastani wa bawa zima upate zile 5 zilizotakiwa. Mkia nao uliinamishwa ili uendelee kushika hewa ndege inapoinua pua sana, bila kuingia kwenye moto wa injini. Umbo linalowafanya watu waipende Phantom ni marekebisho yaliyoachwa wazi.

Basi mkataji wa seti anapofika kwenye bawa hili anarithi shida ya wahandisi. Akilikata pale linapopinda atakuwa mwaminifu, maana ndege halisi ina kiungio hapo: ndipo bawa linapokunjwa ndege ikipangwa kwenye meli. Ila kwenye plastiki, ncha iliyogundishwa peke yake inaweza kukaa nyuzi 12 kulia na 10 kushoto, na ndege iliyopinda hivyo utaigundua ukiwa mlangoni. Seti ya mtindo huu imechagua njia nyingine. Upande wa chini wote ni kipande kimoja, kutoka ncha hadi ncha, tumbo likiwa katikati, na mipindo yote miwili imeshamiminwa ndani yake. Pembe haziwezi kukosewa. Katika seti nzima sioni uamuzi bora kuliko huu, nami nausifu hata nikijua gharama yake.

Gharama yenyewe iko tumboni. Kipande kipana hivyo lazima kiishie mahali, na ukingo wake wa mbele unakata tumbo mkato wa moja kwa moja, nyuma kidogo ya shimo la gurudumu la pua, ambako ndege halisi haina mstari wowote wa namna hiyo. Ukingo wa nyuma nao unakaa juu kidogo kuliko plastiki iliyo jirani yake. Unakiona kidato hicho kwa ukucha kabla hujakiona kwa macho. Piga hesabu: ufa wa nusu milimita katika kipimo cha 1/48 ni sawa na milimita 24 kwenye ndege ya kweli. Hakuna fundi wa ndege ambaye angeiruhusu iende angani huku tumbo limeachia uwazi wa kupitisha kidole gumba. Ndiyo maana nusu milimita, ambayo kwenye meza ya seremala si kitu, hapa inaharibu hadithi yote.

Na kwa nini kiwiliwili kipasuliwe kushoto na kulia, si juu na chini? Jibu liko kwenye moldi. Plastiki ya polistirini huyeyushwa na kusukumwa ndani ya moldi ya chuma, na moldi ya kawaida ina nusu mbili zinazofunguka kwa mstari ulionyooka. Chochote kinachotazama upande wa kufungukia hutoka kikali. Kinachosimama sambamba na mwendo wa moldi hufifia, kwa sababu kikichongwa kwa kina kitang'ang'ania chuma. Mbavu za Phantom zimejaa milango ya ukaguzi na vifuniko, kwa hiyo mbavu ndizo zilizopewa heshima ya kutazama moldi. Mgongo umetolewa kafara. Ukiufuata kuanzia nyuma ya vioo vya marubani hadi kwenye shina la mkia, utaona mistari ya bati ikikolea ubavuni, ikipauka kadiri inavyopanda, mpaka juu kabisa inakuwa dhana tu. Kisha mshono unapita papo hapo. Ukiupiga msasa, ile dhana nayo inakwenda. Utalazimika kuichora upya kwa sindano na kipande cha tepu ngumu cha kuongoza mkono, na mkono wa mtu hauchori kama chuma.

Seti za zamani zilikuwa na tatizo baya zaidi, kwani mistari yake ilikuwa imeinuka badala ya kuzama. Msasa ulikuwa unaifyeka kama nyasi. Hilo tuliache.

Sehemu inayostahili kusomwa polepole kuliko zote ni midomo ya kuvuta hewa. Kwenye ndege halisi, mbele ya kila mdomo kuna bamba lililosimama wima, limeachana na ubavu kwa upenyo mwembamba. Kazi ya upenyo huo ni kuipitisha pembeni ile hewa nzito inayotambaa juu ya ngozi ya ndege, isiingie kwenye injini. Ni umbo linalotegemea uwazi: liwepo bati, liwepo upenyo, kisha mdomo wenyewe uzame gizani. Seti inalijenga kwa vipande vitatu kila upande. Kuna bamba, kuna ukuta wa nje wa mdomo, na kuna ubavu wa kiwiliwili unaovipokea. Vipande vitatu maana yake ni viungio vitatu vinavyokutana kwenye kona moja, na kila kimoja kina haki ya kukosea kwa sehemu yake. Ukuta wa nje ukikaa nje kwa unene wa karatasi, nyuma yake, pale unapopaswa kutiririka hadi kwenye ubavu na juu ya shina la bawa, linatokea jongo. Na ndani ya mdomo kuna alama za duara zilizoachwa na pini zinazosukuma plastiki itoke kwenye moldi, mahali ambapo msasa haufiki wala kidole hakiingii.

Wajenzi wengi hapa huweka vifuniko vyekundu, vile ambavyo kweli hufungwa kwenye midomo ndege ikiwa imeegeshwa ili uchafu usiingie. Ni halali kihistoria. Hata hivyo, kila nionapo Phantom yenye vifuniko na marubani wawili wamekaa ndani na kofia zao, najua kuna kitu kimefichwa. Walikuwa wanakwenda wapi bila hewa?

Kosa la midomo mara nyingi halianzii kwenye midomo. Linaanzia kwenye kitabu cha maelekezo, ambacho nacho ni sehemu ya fani na ndicho kilichoandikwa kwa uzembe zaidi. Kinafuata mpangilio wa msisimko: chumba cha marubani kwanza, maana ndicho kinachovutia; magurudumu mapema, ili ndege isimame; silaha mwisho, kama zawadi. Hakijali jinsi kosa linavyosafiri. Chumba cha marubani kikiwa kipana kwa theluthi ya milimita tu, nusu mbili za kiwiliwili hazifungi vizuri. Zikilazimishwa kwa vibanio zitafunga juu na kutanuka chini. Zikitanuka chini, tumbo halikai. Tumbo lisipokaa, bawa linaacha ufa kwenye shina lake. Aliyefuata hatua kwa uaminifu anakutana na ufa huo kwenye hatua ya nane na kulilaumu bawa, wakati chanzo kilikuwa hatua ya pili.

Mjenzi mzoefu anaisoma seti kinyumenyume. Anashika vipande vikubwa bila gundi, anavifunga kwa tepu, anavitazama dhidi ya taa. Kisha anavunja utaratibu. Badala ya kugundisha bawa la juu kwa la chini na kulisukuma zima tumboni, analigundisha la juu kwenye shina lake kwanza, kwenye kiwiliwili, akiliegemeza mpaka mstari ujifunge. Gundi ya majimaji haishiki kwa kunata. Inayeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja, na ukigusisha brashi upande mmoja inajivuta yenyewe ndani ya ufa hadi mwisho. Kama kiwiliwili ni chembamba mno, anakata kipande cha ile fremu iliyobeba vipande, anakikaza ndani kama mhimili, kinasukuma mbavu nje kwa kiasi kile kile kilichopungua. Baada ya hapo ndipo la chini linapowekwa, na kama kuna tofauti iliyobaki, inaonekana chini, karibu na mashimo ya magurudumu, ambako kivuli ni kingi na watazamaji ni wachache. Tofauti haijapungua hata kidogo. Imehamishwa tu. Hii kwangu ndiyo hatua ya kisanii hasa katika ujenzi wote, kuliko hata rangi, na hakuna kitabu cha maelekezo kinachoifundisha.

Kuna mahali pamoja ambapo hata kuhamisha hakusaidii. Nyuma ya matundu ya injini, chini ya mkia, Phantom huachwa bati tupu bila rangi kwa sababu ya joto la moto unaotoka. Kwenye modeli, eneo hilo hupakwa rangi ya metali, na rangi ya metali haina huruma. Kijivu kisichong'aa husamehe mkwaruzo. Fedha inayong'aa huukuza. Mshono wa tumbo la nyuma unapita katikati ya eneo hilo. Fila ya kawaida haifai hapa, kwa kuwa inanywa rangi tofauti na plastiki na kuacha mstari mweupe kama kovu. Afadhali supaglu iliyokauka, isawazishwe kwa msasa namba 600, kisha 1000, na zaidi, kisha ipakwe praima nyeusi inayong'aa ambayo itasema ukweli wote kabla ya fedha kupita. Wengine huona ni kazi ya kukomoana. Mimi naona seti ilipaswa kulitenga eneo hili kuwa kipande chake, kwa kuwa ndege yenyewe imelitenga kwa rangi na kwa bati. Mkato wa asili ulikuwepo, ukaachwa.

Ugumu wa bawa na ugumu wa mkia, kwa hiyo, haulingani thamani. Wa kwanza umetokana na ndege. Mjenzi anayepambana nao anajifunza kwa nini Phantom ina sura ile. Wa pili umetokana na mkataji kutotazama. Seti mpya zinazotumia moldi zenye vipande vinavyofunguka pande kadhaa zimeondoa mwingi wa ugumu huu wa pili, na sina kinyongo nazo, ingawa baadhi zimegeuka kuzidisha vipande vidogo visivyoonekana baada ya kiwiliwili kufungwa, na hilo ni majigambo tu.

Ila hata seti hii ya mtindo wa zamani ina sehemu ambayo mkataji wake alitazama. Phantom hubeba makombora manne ya Sparrow tumboni, yamezamishwa nusu kwenye vihori ili yasipunguze kasi. Ule mkato mbaya wa mbele, uliokatiza tumbo pasipo mstari, unapita juu ya vihori viwili vya mbele. Ukiyaweka makombora yake, yanafunika karibu theluthi mbili za mshono, na kilichobaki katikati ni kipande kifupi ambacho msasa unakimaliza kwa jioni moja. Anayependa tumbo tupu ana kazi ya wiki.