Utumbo Usio na CFTR: Jinsi Chanzo cha Mchochota Kilivyosakwa

Sistiki faibrosisi husababishwa na hitilafu katika jeni ya CFTR, iliyotambuliwa mwaka 1989. Jeni hiyo hutoa protini inayopitisha kloridi na bikabonati kwenye utando wa seli. Ikikosekana, maji hayatoki ya kutosha na ute wa utumbo huwa mzito, wenye kunata. Ugonjwa huu hujulikana zaidi kwa kuharibu mapafu, ilhali baadhi ya watoto huzaliwa utumbo ukiwa umeshazibwa na kinyesi cha kwanza.

Panya wa kwanza wasio na CFTR walipatikana Marekani mwaka 1992. Wengi walikufa kwa kuziba utumbo, kwa hiyo wanafaa sana kuuchunguza. Maabara ya Robert De Lisle, Chuo Kikuu cha Kansas, iliwalisha chakula cha majimaji ili waishi, kisha ikapima RNA ya utumbo mwembamba kwa chipu inayosoma maelfu ya jeni kwa pamoja. Matokeo yaliyotoka mwaka 2004 yalionyesha kwamba utendaji wa jeni nyingi za kinga ya asili ulikuwa umepanda, ishara ya mchochota.

Orodha hiyo peke yake haijibu swali, kwani jeni iliyopanda yaweza kuwa chanzo au tokeo. Je, mchochota uliletwa na ukosefu wa CFTR wenyewe, au na bakteria? Kipimo cha PCR kilikuta DNA ya bakteria zaidi ya mara 40 ya kawaida. Chini ya hadubini, bakteria walikuwa wamestawi ndani ya ute, na humohumo zikaonekana chembe za seli za Paneth, seli za utumbo zinazotoa viua-bakteria, zikiwa zimeyeyuka nusunusu.

Hatua iliyofuata ndiyo yenye uzito zaidi. Panya wagonjwa na wazima walipewa antibiotiki kwa wiki tatu. Wagonjwa walikua vizuri zaidi, ute na mchochota vikapungua. Ukuaji wa wazima haukubadilika. Bila kundi hilo la wazima, ingedhaniwa dawa hunenepesha panya yeyote. Mwaka 2007 dawa ya kulainisha choo nayo iliondoa ute, ikapunguza bakteria na kushusha jeni za mchochota.

Hata hivyo, kongosho la panya hao haliharibiki sana kama la binadamu. Matokeo haya yanapaswa kuthibitishwa kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kugeuzwa kuwa tiba.