Njia ya maporomoko ya Karura na fedha za geti

Agizo la Shirika la Huduma ya Misitu Kenya (KFS) la mwisho wa Agosti 2025, kwamba kiingilio cha Msitu wa Karura jijini Nairobi kilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, lilikuwa kosa la wazi, na mahakama ilifanya vyema kulisimamisha kwa muda. Waliofuatilia sakata hiyo wanakumbuka jinsi mjadala ulivyogeuzwa upesi kuwa wa teknolojia, kana kwamba Friends of Karura, chama cha jamii cha msitu huo, wanaogopa malipo ya simu. Kilichoguswa hasa ni mkondo wa fedha. Fedha hizo zilikuwa zikisimamiwa kwa pamoja na KFS na chama hicho cha jamii, palepale msituni; sasa zilitakiwa zipande kwanza serikalini, kisha zingojewe zishuke. Tazama njia ya kwenda kwenye maporomoko, yale ya meta 15 hivi karibu na mapango ya Mau Mau. Wazee na watoto wanaimudu kwa kuwa kuna anayeitunza kila siku. Mvua moja ya masika huziba mifereji, hula kingo za mto na kuangusha mti juu ya daraja la miguu. Ukarabati ukingojea kibali cha matumizi kutoka ofisi ya mbali, mvua ya pili inakuta shimo, ya tatu inakuta korongo. Mlinzi naye hawezi kulinda kwa ahadi ya mshahara. Kabla ya ua wa umeme na walinzi walioajiriwa kutoka mitaa jirani kama Huruma, Karura ilijulikana kwa uporaji na maiti zilizotupwa, na maporomoko hayahaya yalikuwepo bila mtu wa kuyatazama.

Wapo wanaosema msitu ni mali ya umma, kwa hiyo fedha zake ziingie hazina ya umma na zikaguliwe. Hoja ya ukaguzi ni nzito, nami naiunga mkono: vitabu vya Karura vifunguliwe, kila shilingi ionekane. Lakini ukaguzi haudai kumwondoa mshirika. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaiagiza serikali ihimize wananchi kushiriki katika kusimamia mazingira, na Sheria ya Misitu ya 2016 inavitambua vyama vya jamii na mikataba yao ya usimamizi. Kumwachia mshirika kazi ya kufagia njia huku ukimnyang'anya sauti juu ya mapato ni kumgeuza kibarua. Hii ndiyo tabia ya ofisi zetu, kutoa waraka kwanza na kutafuta maoni baada ya kelele.

Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai aliijua tabia hiyo tangu 1989, alipopinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Januari 1999 alipigwa Karura akijaribu kupanda mche, wakati ardhi hiyo ilikuwa imegawiwa wanyakuzi kwa karatasi zenye mihuri halali machoni pa waliozitoa. Viongozi wa leo hawana ujasiri wake, wala hawahitaji kuwa nao. Wanahitaji kuketi na chama cha jamii, waandike mgao wa mapato, waweke akaunti inayokaguliwa na pande zote mbili, na kutenga fungu la dharura ambalo msimamizi wa msitu anaweza kulitumia siku ileile mti unapoanguka.