Malipo ya Sola Yanapoingia: Namna Programu Inavyoitikia Tukio

Kampuni ya Off Grid Electric, ambayo baadaye ilibadili jina kuwa Zola Electric, ilianzia Arusha mwanzoni mwa muongo wa 2010. Ilifunga sola kwenye nyumba zisizofikiwa na nguzo za umeme za TANESCO, na mteja akalipia mwanga kidogo kidogo kwa simu. M-Pesa ilikwishaingia Tanzania mwaka 2008, hivyo njia ya kupitisha fedha ilikuwepo. Mteja analipa, anapokea namba kwa meseji, anaibonyeza kwenye kifaa, taa zinawaka. Wenye mita za LUKU, za umeme wa kulipia kabla, wanaujua utaratibu huu kwa tokeni zake za tarakimu 20.

Kwa anayejifunza kuandika programu zinazoitikia matukio, sioni somo bora kuliko hili. Mafunzo mengi huanza na kitufe kwenye skrini: ukikibonyeza, rangi inabadilika. Hapo mwanafunzi hakutani na shida yoyote, na pasipo shida haoni kwa nini mbinu hii ilibuniwa.

Njia inayomjia mtu haraka ni seva kuuliza mtandao wa simu kila dakika kama kuna malipo mapya. Usiku wa manane itauliza bure. Jioni, dakika hiyo ni ndefu kwa familia iliyokaa gizani. Mbinu ya matukio hugeuza mwelekeo: seva haiulizi, inajulishwa. Kila malipo ni tukio, na matukio yakifuatana yanakuwa mtiririko. Programu hujiandikisha kuusikiliza, kisha huupitisha hatua kwa hatua: kuchuja malipo yenye namba ya mteja isiyojulikana, kugeuza shilingi kuwa siku za mwanga, kutengeneza tokeni, kutuma meseji. Erik Meijer na wenzake wa Microsoft waliwafikishia watengenezaji programu fikra hii kupitia maktaba ya Rx (Reactive Extensions), iliyotoka mwaka 2009. Netflix ikatoa RxJava, toleo lake kwa lugha ya Java, mwaka 2013.

Kazi yenyewe inaanza mtandao unapoyumba. Mtandao wa simu hutuma taarifa ya malipo na kusubiri jibu. Jibu likipotea njiani, hutuma tena. Programu isiyokumbuka namba za miamala itatoa siku mara mbili kwa fedha ileile. Upande wa mteja ni vivyo hivyo. Aliyeko Ngarenanyuki, ng'ambo ya Mlima Meru, asipopata meseji ataomba tena, naye anapaswa kupewa tokeni ileile, wala si mpya. Kifaa chenyewe, ambacho hakina mtandao, lazima kikatae tokeni iliyokwisha kutumika. Na kwa kuwa kiungo cha mwisho cha mtiririko ni kidole cha binadamu, tokeni inaweza kuingizwa siku mbili baada ya malipo. Kwa maoni yangu, haki ni siku za mwanga zihesabiwe tangu namba ilipobonyezwa.

Kuna pia wingi. Malipo yanaweza kumiminika kwa kasi kuliko uwezo wa njia ya meseji. Viwango vya Reactive Streams, vilivyofikia toleo la 1.0 mwaka 2015 na kuingizwa kwenye Java 9 mwaka 2017, vinampa mpokeaji nafasi ya kusema anaweza kubeba matukio mangapi kwa sasa. Ni kanuni nzuri ndani ya seva, lakini mteja hawezi kuambiwa asilipe kwanza. Kwa hiyo malipo huandikwa kwenye hifadhi ya kudumu kabla ya hatua nyingine yoyote, ndipo yasubiri zamu.

Kosa linalowaumiza wanaoanza ni jingine. Katika Rx, hitilafu isiyoshughulikiwa hufunga mtiririko wote: muamala mmoja wenye namba mbovu unatosha kuwanyima mwanga wote wanaofuata. Hitilafu inapaswa kunaswa ndani ya tukio lake, malipo hayo yawekwe kando ili mhudumu ampigie mteja, na mtiririko uendelee.