Duke Ellington: jengo, chekeche na mwalimu



Sisi tunaoishi huku Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia, tukigusia elimu bora ya sanaa, mfano wa kwanza huwa ni Duke Ellington School of the Arts, pale Georgetown. Ni shule ya umma, na ndiko alikosoma Dave Chappelle. Sina ugomvi na sifa hizo. Ugomvi wangu ni sababu tunazozitoa.

Sababu ya kwanza huwa ni jengo. Ukarabati uliomalizika 2017 uligharimu zaidi ya dola milioni 170. Jengo ni zuri, halina ubishi. Lakini shule ilianzishwa 1974 na Peggy Cooper Cafritz na Mike Malone, na jina lake lilivuma miaka mingi kabla ya ukarabati huo. Kwetu pia, jumba la maonyesho la Chuo cha Sanaa Bagamoyo liliungua 2002. Ngoma hazikuungua nalo.

Sababu ya pili ni vipaji. Hapo ndo penye utata. Mtoto haingii Ellington bila usaili. Sasa, ukichekecha mchele ukabaki na ule safi tu, usijisifu kwamba wewe ni hodari wa kupika! Kwa mtazamo wangu, shule ipimwe kwa umbali inaomfikisha mtoto kutoka pale ilipomkuta. Tena usaili nao una upendeleo wake wa kimya kimya, manake mtoto aliyelipiwa mwalimu wa piano tangu ana miaka sita keshamtangulia mtoto wa dereva teksi kabla hawajafika mlangoni.

Ukiondoa jengo na chekeche, kinabaki nini? Kinabaki muda, mwalimu na kukosolewa. Ellington wanasoma masomo ya kawaida, halafu kila siku wanaingia kwenye sanaa, na siku yao ya shule ni ndefu. Lois Hetland, Ellen Winner na wenzao walichunguza madarasa ya sanaa ya Boston wakatoa kitabu 2007. Waliyoyaona si miujiza: mwalimu anaonyesha, mwanafunzi anafanya, kisha wote wanaitazama kazi na kuijadili.

Hilo la mwisho ndilo tunalolikosa. Shule nyingi za kwetu hukumbuka sanaa mgeni rasmi anapokuja. Watoto wanakaririshwa wimbo, wanaimba juani, wanapigiwa makofi, basi. Nani anawauliza kwanini sauti ya pili imeingia pale na si kwingine? Hayo ni mapokezi, jamani, si elimu.

Nayasema haya kwa sababu vikundi vyetu huku hupenda kuchangia shule za nyumbani, na chaguo letu huwa kitu kinachopigika picha: vinanda, rangi, ukumbi. Kinanda kisicho na mwalimu hufungiwa stoo. Fedha hiyo hiyo ingemlipa fundi wa ngoma au wa kuchonga wa hapo hapo kijijini, afundishe watoto wote, wenye kipaji na wasionacho, wiki hadi wiki. Haitatoa picha ya kukata utepe, lakini kuna mtoto atakayejifunza kitu.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo.