Pumba za Mbarali, Maji ya Batiki

Kila kilo tano za mpunga unaokobolewa Mbarali huacha takriban kilo moja ya pumba. Nyingine hutumika kuchomea matofali, nyingine huwashwa moto tu papo hapo nyuma ya mashine. Mimi nawavulia kofia wanaozigeuza makaa ya kunasia rangi, ili maji ya batiki yasimwagwe mtaroni yakaishia Mto Ruaha Mdogo, pale Iringa mjini.

Pumba hupepetwa, huoshwa, huanikwa, kisha huchomwa katika pipa lililofunikwa. Hewa ikizidi utapata majivu, tena karibu yote silika, ambayo hapa haina msaada mkubwa. Kwa hiyo jicho halibanduki kwenye moshi: ukiwa mweupe na mzito, unyevu bado unatoka; ukishakuwa mwembamba, pipa huzibwa. Makaa yakipoa huoshwa tena na kuchekechwa, maana vumbi huziba ndoo ya kuchujia na chenga kubwa hupitisha maji upesi mno.

Ufundi hasa uko kabla ya kumimina. Maji ya batiki yana kostiki, na rangi nyingi za pamba zina chaji hasi. Kostiki ikizidi, uso wa makaa nao huwa hasi, na viwili hivyo husukumana. Dawa yake ni siki, kidogo kidogo, karatasi ya litmasi ikiwa mkononi. Lakini siki haitangulii. Maji huachwa kwanza yapigwe na hewa, yakikorogwa mara kwa mara, kwa sababu haidrosalfaiti iliyobaki ya kuyeyushia rangi ikikutana na siki hutoa gesi inayokaba koo. Zaidi ya hapo, rangi zilizoyeyushwa kwa haidrosalfaiti zikipata oksijeni hugandamana na kuzama zenyewe, makaa yakapunguziwa mzigo. Asiye na subira huruka hatua hii, halafu hulaumu pumba.

Baadaye maji humiminwa kwenye ndoo ya makaa, yapite tone kwa tone. Johann Tobias Lowitz alishaona mwaka 1785, huko Urusi, kwamba makaa huondoa rangi kwenye vimiminika. Kipimo cha haraka bado ni glasi mbele ya karatasi nyeupe. Weupe wa maji hayo usikudanganye ukayanywa: chumvi imepita.

Maji yanayotoka chini yakianza kupata rangi, makaa yameshiba. Hutolewa, hukaushwa na kuhifadhiwa mbali na bustani na kisima, kwa kuwa rangi bado imo ndani yake, na ndoo hujazwa mengine.