Wapiga Ngoma wa Bujumbura

Mgeni ahudhuriaye arusi mjini Bujumbura, awaonapo wapiga ngoma wakiingia kwa safu, kila mmoja amejitwika kichwani gogo zima la mti wa umuvugangoma, lililochimbwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi, huku akilipiga kwa fimbo mbili pasipo kusita, hushangilia miruko yao. Lakini ni nadra amtazame yule apigaye ngoma ya amashakwe, ambaye wajibu wake ni kushika pigo moja lisilobadilika, jasho likimchuruzika machoni, ili ngoma iitwayo inkiranya iongoze na zile ziitwazo ibishikizo ziitikie. Mwaka 2014 UNESCO iliitia sanaa hii katika orodha ya turathi za wanadamu. Walakini deni letu kwa shingo zile na viganja vile vyenye sugu lingali palepale.